Nzuri ya Jovina

Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane mchana, Jovina alifika kwenye duka la vitambaa la Bi Mauwa, Temeke, akitokea Mlimani alikosoma chuo kikuu. Aliweka mkoba wa vitabu chini ya meza, akaamkia.

"Shikamoo, Bi Mauwa."

"Marahaba, mwanangu. Habari za masomo?"

"Nzuri."

"Haya, shika mkasi."

Basi, mazungumzo yao yaliishia hapo. Miaka ile vitambaa vya nje vilikuwa vimeanza kujaa madukani, na wateja walitaka kugusa kila jora kabla ya kununua. Jovina alipima, akakata, akakunja mpaka jioni. Kisha alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akala peke yake huku akisikia majirani wakicheka uani. Upweke ulimkaba. Wenzake walikaa bwenini, wakisoma pamoja na kutaniana. Yeye kipindi kikiisha alikuwa mbio kituoni. Alipoondoka kwao Muleba, baba yake alimuusia asiwachoshe watu wa mjini na shida zake, naye aliushika usia huo kupita kiasi.

Muhula ule semina yao ya uchumi ilihamishiwa Alhamisi saa kumi. Saa za duka hizo! Akakosa ya kwanza, akakosa ya pili. Mwalimu wake, Dakta Gozbert, akamwita.

"Ukikosa na ya wiki hii, mtihani hufanyi. Una tatizo gani?"

"Sina, mwalimu."

Jamani, msichana huyu! Tatizo limemfika kooni, yeye anasema hana. Bila duka asingepata kodi ya chumba. Bila semina, chuo kingemponyoka.

Alhamisi ikafika. Jovina akaenda dukani, akasema nzuri yake, akashika mkasi. Mama mmoja alitaka mita tatu za kitambaa cha gauni la binti yake. Jovina akapima huku macho yakikimbilia saa ya ukutani, akakata mbili.

"We binti! Gauni hili mwanangu atalivaa mpaka kiunoni?" mteja akafoka.

Bi Mauwa akamtuliza, akampimia upya mwenyewe. Mteja alipoondoka, Bi Mauwa alimkuta Jovina analia.

"Nisamehe, Bi Mauwa, nimeharibu kitambaa."

"Achana na kitambaa. Wewe una nini?"

Ndipo yakamtoka yote: semina, mtihani, na jinsi anavyomaliza wiki nzima bila mtu wa kuongea naye.

Bi Mauwa akashika kiuno. "Na kila siku nakuuliza habari za masomo!"

"Nilijibu nzuri kwa sababu ndivyo watu wanavyojibu."

"Ndivyo wanavyoanza, mwanangu! Hata msibani tunasema nzuri. Halafu mtu anasema 'ila', ndipo habari yenyewe inapoanza. Wewe ukisema nzuri, kimya! Mie nikadhani msomi hataki maneno na muuza vitambaa, nikajinyamazia zangu."

Jovina akainua uso, akafuta machozi.

"Tena Jumamosi asubuhi huzidiwa na wateja, nikaona haya kukuomba uje. Basi Alhamisi kasome, Jumamosi uje. Sasa toka, semina itakupita!"

Jovina alifika amechelewa kidogo, jasho likimtiririka. Safari hii alimweleza Dakta Gozbert habari ya kazi yake, naye akamwonyesha kiti. Mtihani aliufanya, akafaulu.

Jumamosi moja, wateja walipopungua, Bi Mauwa alimmiminia chai.

"Kazi na masomo vinaweza kwenda pamoja," alisema, "lakini mwajiri ajue, na mwalimu ajue. Kuelemewa si aibu. Ukituficha, tutakusaidiaje?"

"Nimekuelewa, Bi Mauwa."

"Haya, nihadithie. Huko Muleba kukoje?"

Jovina akaanza kueleza. Duka likafungwa, chai ikaisha, ikatengenezwa nyingine, na bado alikuwa anahadithia.