Hela ya Mto na Tishu Niliyofutia Kioo

"Mkagueni huyo! Kaiba!"

Jamani... aliyepiga kelele hizo ni Mama Pacha. Mama Pacha wangu! Mwanamke niliyekula naye sahani moja mwaka mzima, niliyekuwa nambebea pacha mmoja yeye akibeba mwingine tukienda kliniki.

Saa tisa mchana, niko mlango wa wafanyakazi, foleni ya kukaguliwa mikoba. Watu wote wamegeuka wananitazama mimi.

Mlinzi akasema, "Dada, toa vitu vya mfukoni."

Nikatoa. Kitambaa cha jasho, simu yangu iliyopasuka kioo... na noti nne kubwa.

"Eeeh!" Foleni nzima.

Sikuiba! Ngojeni niwaambie ilivyokuwa, halafu mnihukumu wenyewe.

Mimi nilikuwa mtu wa usafi wa vyumba hotelini. Ghorofa ya pili, vyumba kumi na vinne kwa siku. Kutandua, kutandika, kusugua bafu, kuokota nywele za watu kwenye sinki. Nilikuwa kibarua, na wiki ile ile nilikuwa nasubiri kusaini ajira ya kudumu. Fomu yangu ilishafika mezani kwa meneja, nimeiona kwa macho yangu!

Sasa sisi watu wa vyumba tuna neno letu, "ya mto". Mgeni akiondoka akaacha hela juu ya mto, hiyo ni ya aliyetandua shuka siku hiyo. Ikiwa mezani, hata sarafu moja, huigusi. Hiyo kaisahau. Ndivyo tulivyoikuta, na hakuna anayebisha.

Ila hoteli nayo ina sheria yake. Lazima mgeni awe ameandika karatasi. Hakuna karatasi? Peleka mapokezi.

Jumatano asubuhi nikapangiwa chumba 214. Siku nyingine kilikuwa cha Mama Pacha, lakini siku hiyo walimshusha vyumba vya chini. Kwenye korido nikakutana na mgeni mwenyewe, mama mtu mzima, anaburuta begi, miwani inaning'inia kifuani. Akanishika mkono.

"Asante sana mwanangu. Nimekuachia pale kwenye mto. Mungu akubariki."

Mimi huyo, meno yote nje. "Amina mama, safari njema!"

Nikaingia. Noti nne! Nyie... zinazidi mshahara wangu wa wiki! Nikazikunja palepale mlango ukiwa wazi, nikatia kwenye aproni. Pale mtoni, chini ya zile noti, kulikuwa na tishu.

Na mimi ugonjwa wangu ni vioo. Nikiona alama ya dawa ya meno kwenye kioo situlii. Nikaichukua ile tishu, nikapuliza dawa, nikafuta. Kioo kikang'aa, ukitaka kunyoa ndevu unyoe! Tishu nikaitupa kwenye mfuko wa taka wa toroli.

Kama hujashtuka hapo, hata mimi sikushtuka.

Turudi pale mlangoni. Mlinzi akanipeleka kwa meneja. Nimesimama mbele ya meza yake, noti zangu nne ziko kwake, fomu yangu iko pembeni.

"Karatasi ya mgeni iko wapi?"

"Hakukuwa na karatasi, bosi. Kulikuwa na tishu tu..."

"Tishu ipi?"

Ndipo akili iliponirudia. Ile niliyofutia kioo!

Mfuko wa taka ukamwagwa uani. Nikapiga magoti nikachambua kwa mikono, wenzangu wamesimama wananiangalia. Vipande vya sabuni, maganda ya ndizi, pamba... nikaipata! Imelowa, wino wote umechuruzika. Neno lililosomeka ni moja tu.

Dada.

Meneja akaishika kwa ncha za vidole. "Dada yupi? Humu ndani nina kina dada kumi na tisa."

"Ni mimi bosi! Alinishika mkono yeye mwenyewe! Mpigieni simu, nawaomba!"

Mama Pacha alikuwa mlangoni, kainamisha kichwa. Nikamgeukia.

"Roho mbaya wewe! Kisa leo nimepata mimi?"



Simu ikapigwa, meneja akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama. Unaongea na hotelini. Kuna hela uliacha chumbani?"

"Marahaba. Ndiyo, nilimwachia yule dada wa usafi. Tena nilimwambia kwa mdomo wangu, asubuhi, pale kwenye korido."

Nilirukaaa! "Si nilisema? Si nilisema mimi?" Machozi yananitoka, nacheka. Nilimtazama Mama Pacha kwa dharau ambayo hadi leo naionea aibu.

Lakini yule mama alikuwa hajamaliza.

"Yule binti ana moyo, nakwambia. Jumapili tumbo lilinikamata, nikatapika kitanda kizima. Akanisafisha kama mama yake mzazi, akanifulia na gauni. Nikamwambia nitamwachia zawadi yake. Hata kwenye ile tishu nimeandika, kwa dada wa Jumapili."

Jumapili...

Jumapili ni siku yangu ya mapumziko.

Meneja akanitazama. Akamtazama Mama Pacha. "Mama, uliyekutana naye leo siye wa Jumapili."

"Siye? Jamani... si nguo ni zile zile? Mimi bila miwani sioni watu vizuri. Basi mpeni wa Jumapili, baba. Na huyo wa leo mniombee radhi."

Simu ikakatika.

Mama Pacha akakaa chini, akalia. "Nilipanda juu kuichukua, nikakuta unaikunja. Ningekudai vipi? Ungeniambia ni ya mto, na kwa desturi yetu ni yako. Nikapandwa na hasira, nikapiga kelele ya mwizi. Nisamehe mdogo wangu."

Meneja akamsukumia noti zake. Kisha akaichukua fomu yangu, akaifungia kwenye droo.

"Umechukua hela bila karatasi, na karatasi yenyewe umeiharibu. Siwezi kusaini. Kesho usije."

"Bosi, mimi nilitaka hela yangu tu!" Mama Pacha akapiga yowe. "Sikutaka afukuzwe!"

"Nimeshaamua."

Mnielewe, nilitafuta wa kumchukia nikamkosa. Yule mgeni katoa kwa moyo safi. Mama Pacha kafua matapishi ya mtu, haki yake. Nimchukie nani, kioo?

Kwa hiyo nyie mnaolala hotelini, mnaouliza kila siku kama mtoe au msitoe, na mtoe ngapi. Toeni. Hata ndogo, ya chai na mkate, hatununi. Lakini toeni kila siku, kwa aliyesafisha siku hiyo, msingoje siku ya kuondoka, maana sisi tunahamishwa vyumba kama viti. Akikufanyia kubwa, muulize jina, uliandike kwenye karatasi nzima. Na nyie mafundi wenzangu wa shuka, someni kila kitu kabla hamjafutia kitu.

Siku ile nilivua sare, nikavaa gauni langu, nikatoka. Nikasikia viatu vinanikimbilia nyuma. Mama Pacha. Akanishindilia noti mbili kiganjani, hawezi hata kunitazama.

"Chukua, mdogo wangu. Chukua tu."

Nilitaka kumrushia usoni. Haki ya Mungu nilitaka.

Nikazipokea. Sikuwa na nauli.