Pete Mbili za Mlango wa Fes

Ko-ko-ko! Ko-ko-ko!

Ilikuwa pete ndogo. Sauti yake nyembamba iliruka juu ya chemchemi ya uani na kupanda hadi darini, ambako Lalla Khnata alikuwa akianika nguo.

"Anouar! Mfungulie shangazi yako!"

Anouar hakumuuliza bibi yake swali. Mlango wa riadi yao, nyumba ya kale iliyozunguka ua, kama milango mingi ya zamani ya mji wa Fes, ulikuwa na pete mbili za shaba za kubishia hodi: kubwa ya wageni, yenye mngurumo, na ndogo ya watu wa nyumbani. Anayesikia pete ndogo hufungua alivyo. Naye alifungua alivyo: fulana ya ndani, taulo begani, povu la kunyolea kwenye shavu moja.

Hakuwa shangazi. Alikuwa msichana mwenye jalaba ya rangi ya mnanaa, daftari mkononi, na nyuma yake kichochoro kilichofurika watu.

"Balak! Balak!" mwenye nyumbu alipaza sauti akitaka apishwe, na shehena ya ngozi mbichi ikaja moja kwa moja kuelekea mgongoni mwa msichana. Akaruka ndani. Povu la Anouar likahamia kwenye mkono wa jalaba.

"Samahani, kaka. Hapa ndipo mnapopangisha?"

"Ndipo. Na wewe ndiye shangazi yangu?"

"Naonekana mzee kiasi hicho?"

"Umegonga pete ndogo, dada. Hiyo ni ya wenyeji wa humu."

"Kwetu Tanja tunaishi ghorofani, tunabonyeza kengele. Ningejuaje?" Akamtazama kuanzia povu hadi kandambili, na kicheko kikamshinda. "Kumbe ndiyo maana nimepokelewa hivi!"

Aliitwa Ghizlane. Kaka yake alikuwa akioa Fes mwezi uliofuata, na ukoo wote ulikuwa ukija kulala wiki nzima. Yeye ndiye aliyetumwa kuchagua nyumba.

"Nimeshaona mbili tangu asubuhi," alisema, akipima kina cha chemchemi kwa kalamu. "Ya kwanza ina bwawa zuri ajabu, halina hata kizuizi. Mapacha wa dada yangu wangeingia humo kabla mizigo haijashushwa. Ya pili inang'aa, lakini vyumba vyote viko juu. Ngazi arobaini na mbili! Baba ana magoti mabovu, angefika juu harusi imeisha."

"Na ya kwetu?"

Akapiga kofi moja katikati ya ua, akasikiliza mlio ukipanda vigae, nguzo, mpaka mbinguni. Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Sauti ya chini inasikika juu kote. Kasoro."

"Hiyo si kasoro, mwanangu, hiyo ndiyo redio yangu!" Lalla Khnata alimjibu kutoka darini.

Ghizlane alipoondoka, Anouar alibaki mlangoni ameshika taulo. Povu lilikuwa limekauka.

Siku ya tatu simu ikaja: familia imechagua riadi yake. Ya nne akapiga Anouar mwenyewe, eti kuuliza idadi ya mito ya kulalia. Baada ya hapo hakuna aliyetafuta kisingizio.

"Umekula, mpenzi?"

"Nani kakupa ruhusa ya kuniita mpenzi?"

"Uzio wa chemchemi. Nimemaliza kuufunga leo. Mwanaume aliyejipiga nyundo kidoleni kwa ajili yako ana haki zake."

"Pole, roho yangu. Kidole gani?"

"Rudia hilo la roho yangu, nitakwambia."

"Mjinga wewe! Na magoti ya baba?"

"Baba analala chini, chumba cha uani. Hapandi hata ngazi moja."

"Na sauti?"

"Sauti siiwezi. Labda tuwe tunanong'ona."

Jioni moja, wiki moja kabla ya ukoo kusafiri, Anouar aliacha mzaha. "Ghizlane, nataka kuja kwenu kukuposa. Nataka kujua kwanza kama nawe unataka."

Sauti za shakwe wa Tanja zilisikika upande wa pili.

"Usinijibu kwenye simu," Anouar akasema haraka, kwa kiburi cha mtu anayeogopa. "Ukifika, gonga. Ukigonga kubwa, nitajua mimi ni mwenye nyumba ya wageni tu, na nitakuhudumia vizuri. Ukigonga ndogo..."

"Nikigonga ndogo?"

"Utaona nitakavyoruka."

Ghizlane akacheka, akakata simu.

Siku ikafika. Anouar alinyoa mashavu yote mawili, akavaa jabadori nyeupe ya sikukuu iliyonyooshwa, akasimama hatua tatu kutoka mlangoni. Ua mzima ulinuka mdalasini na maua ya mchungwa.

Ngo! Ngo! Ngo!

Pete kubwa. Kila pigo lilimwingia kifuani.

Akafungua. Wa kwanza kufika walikuwa baba, Si Abdeslam, na fimbo yake, mama, Lalla Batoul, na vikapu vyake, na Ghizlane nyuma yao, kwenye jalaba ileile, macho yakimeremeta.

"Karibuni, wageni wetu," Anouar alisema kama anayesoma tangazo. "Karibu, bibie."

Macho ya Ghizlane yakazimika.

Lalla Khnata akampeleka mama juu kuona vyumba. Anouar akamkalisha baba chumba cha uani, akammiminia chai kutoka juu kabisa, povu zuri. Mzee akaonja. Akatua bilauri taratibu.

"Kijana, nyumba hii ina msiba?"

"Hapana, Si Abdeslam. Kwa nini?"

"Chai haina sukari."

Chai isiyo na sukari, Fes, kwa mgeni! Anouar akakimbilia jikoni, masikio yanawaka. Ghizlane akamzuia njiani, kando ya chemchemi.

"Una nini wewe? Bibie ndiyo nini?"

"Nimesikia jibu lako. Kubwa, mara tatu. Inatosha."

"Baba ndiye aliyegonga, mpumbavu mkubwa wee! Ulitaka nimshike mkono nimwambie, 'Hapana baba, gonga hiyo ndogo, mimi nimeshakuwa wa humu'? Njia nzima kwenye treni nimeifikiria hiyo pete ndogo! Ndiyo, nakutaka! Nakutaka na povu lako!"

Wote wawili walikuwa wamesahau kunong'ona.

"Ghizlane!" sauti ya Lalla Batoul ikashuka kutoka barazani juu. "Daftari lako halikukosea, binti yangu. Inasikika kote."

Mlango wa chumba cha uani ukafunguka. Si Abdeslam alisimama pale, bilauri ya chai chungu mkononi. Ghizlane alijifunika uso, akakimbia, akatoka nje. Mlango ukajibamiza.

Maji ya chemchemi yaliendelea kububujika.

Ko-ko-ko.

"Fungua, Anouar!" Lalla Khnata aliita kutoka juu, sauti imejaa kicheko. "Ni mtu wa nyumbani!"

Anouar akamtazama mzee. Hakusogea.

"Unasubiri nini?" Si Abdeslam aliuliza. "Mimi huko nje sina mtoto. Bibi yako kasema ni mtu wa nyumba hii."

Anouar aliruka kweli. Aliufungua mlango wote, Ghizlane akasimama kizingitini, machozi na kicheko vimechanganyika, kichochoro kizima kikichungulia. Ndipo Anouar akageuka, akasema kwa sauti iliyopanda hadi darini:

"Si Abdeslam, Ijumaa ya kwanza baada ya harusi ya mwanao nitabisha hodi kwako Tanja kuleta posa, mimi, bibi yangu na wajomba zangu. Nitakuletea sukari niliyokunyima leo, bonge kwa bonge, mpaka useme basi!"