Ukipita Husikii, Mpaka Ukae

"Mwanangu, huyo kijana wenu ameniita mpenzi."

Mbunifu, aliyepokea simu ya wateja ofisini, akatua kikombe mezani. "Shikamoo, mama. Kijana yupi?"

"Marahaba. Huyo wa kwenye simu. Nimekaa kwenye ngazi za maktaba ya zamani nipumzishe magoti, mara nikamsikia: 'Mpenzi, umekuja.' Mimi mjane, mwanangu. Nusura nijibu!"

"Pale tumeweka hadithi ya maktaba tu, mama."

"Hiyo ni ya wanaopita. Nenda ukakae."

Mama akakata simu.

Programu yenyewe haikuwa na makuu: unatembea mjini na spika ndogo za masikioni, ukifika mahali, hadithi ya mahali pale inaanza yenyewe. Mbunifu ndiye aliyeitengeneza. Msimuliaji alikuwa mchumba wake, kazini wakimwita Sauti. Mchumba wa zamani, tuseme ukweli, maana miezi kadhaa nyuma alishafungasha akaondoka. Mchana kutwa bibie Mbunifu anamsikia akiwaelekeza watu baki wapinde kulia, jioni anarudi kwenye chumba kisicho na wa kumuuliza ameshindaje. Upweke ulimtafuna, akawa anauita uchovu.

Na kosa alikuwa nalo. Hadithi zote alizikagua akiwa kitini, akisukuma kitone cha mtembeaji kwenye ramani ya kompyuta.

"Twende tukazisikie mtaani," Sauti alikuwa akimbembeleza.

"Namalizia kidogo, mpenzi."

Hicho kidogo ndicho kilichovunja uchumba.

Alasiri hiyo akaenda. Viatu vya ofisini vikambana njia nzima. Akakaa kwenye ngazi. Hadithi ya maktaba ikaanza, ikaisha. Kimya. Alipotaka kuinuka, ikaja sauti ile, safari hii ya chini, ya chumbani:

"Mpenzi, umekuja. Hii nimeiweka ifunguke kwa mtu aliyekaa tu, na kitone chako hakijui kukaa. Leo nimekusubiri hapa hapa mpaka mlinzi akanionea huruma. Nimechoka kuongea peke yangu. Ukinisikia, nipigie. Nakupenda, hata kama hutakuja."

Mbunifu alilia mbele za watu, bila hata kujificha. Miezi yote hiyo maneno yake yalikuwa pale, hatua chache kutoka ofisini!

Akamwandikia Sauti ujumbe: "Nimekaa kwenye ngazi."

Simu ikaita papo hapo.

"Nani kakwambia?" Sauti aliuliza.

"Mama mmoja mjane. Ulimwita mpenzi, karibu akuitikie."

Akacheka.

"Umechelewa sana, wewe."

"Najua. Una mtu?"

"Sina mtu. Nina kinyongo."

"Kinyongo nitakivumilia. Nisamehe. Nilikuacha peke yako na mimi nipo. Sasa nimeonja, naijua ladha yake."

Upande wa pili ukasikika mlango ukifunguliwa.

"Uko wapi?" Mbunifu akamuuliza. "Nachukua teksi nije."

"Nyumbani kwangu, ng'ambo ya daraja. Teksi tena? Njoo kwa miguu."

"Viatu vinanibana."

"Vivue."

"Basi usikate, niongoze njia."

"Hapana. Nimeongoza mji mzima, nimechoka. Uliza watu."

Akauliza. Fundi baiskeli akamwelekeza darajani, muuza magazeti akamrudisha nyuma alipopotea, binti mmoja akamsindikiza hadi kona huku akiangalia miguu yake mitupu na kuuma midomo asicheke. Kumbe mji aliokuwa akiusukuma kwa kidole ulikuwa na vilima!

Akamkuta Sauti ameketi kizingitini, amekonda kidogo. Yule bwana mwenye hadithi ya kila kona akasogea kumwachia nafasi. Akamtazama usoni, akatazama viatu mkononi, machozi yakamlengalenga.

Simu ya Mbunifu ikaita mkobani. Ofisi. Sauti akaisikia, akainamisha kichwa kama mtu anayejua kinachofuata.

Bibie akaizima bila kuitazama. Akaweka viatu kando, akakaa.