Mwani wa Mjomba Merle

"Umefika wapi?" redio iliuliza.

"Ghalani. Nyamaza."

Verity Alley, jasusi wa serikali, alikuwa amemfunga mfanya magendo pingu kwenye bomba la ghala. Nje, ukungu wa asubuhi ulikuwa umelimeza gati.

Mbele yake palikuwa na picha mbili za rangi ya mafuta. Ufuo uleule wa jimbo la Maine, mwaka 1867: miamba, misonobari, maji yaliyolala, hakuna mtu. Moja iliibwa kwenye makumbusho. Nyingine ni nakala, na ndani ya turubai yake imeshonewa filamu yenye majina ya majasusi tisa walioko ng'ambo.

Jina la nne, kama alivyoambiwa: Dana Alley. Kaka yake.

"Ile halisi imetegwa bomu," mfungwa alicheka. "Kisu unacho, dada. Chagua. Wenzangu wanashuka melini."

Buti zilisikika kwenye mbao za gati.

Verity aliutazama mwani. Mchoraji wa zamani alikuwa mgeni wa kiangazi, asiyejua bahari. Mwani wake ulipanda hadi kwenye mizizi ya misonobari, na vizazi vinne vya wavuvi vilimcheka.

Picha ya kushoto: mwani mizizini.

Picha ya kulia: mwani uliishia pale maji yanapofika yakijaa.

Moyo ulimuuma. Aliyenakili alikuwa mvuvi, akasahihisha kosa. Na mvuvi anayechora, alimjua mmoja tu.

Akaichana ya kulia.

Hakuna mlipuko. Filamu ikaanguka. Akaichoma kwa kiberiti chake cha Zippo.

Mlango ukapigwa teke. Verity akaielekeza bastola yake ya Smith & Wesson kwenye picha ya kushoto, yenye bomu.

"Karibuni. Tufe wote."

Buti zikarudi zilikotoka, mbio.

Baadaye asubuhi hiyo, Mjomba Merle alikuwa bandani kwake, akipaka maboya ya mitego ya kambakoche rangi ya chungwa.

"Ulishindwa kuuacha mwani wa yule mgeni, Mjomba."

Mzee hakuinua macho. "Umenikera miaka sitini. Mwani gani unapanda miti kama mbuzi?"

"Jina la Dana lilikuwemo."

Brashi ilimponyoka.

"Waliniambia ni picha tu, mwanangu. Picha tu!"

"Najua."

Alitoa pingu. Mzee akanyoosha mikono.

"Osha brashi kwanza," Verity alisema. Ndivyo mzee alivyomfundisha, Verity alipokuwa na miaka sita.

Akamsubiri aoshe.

"Mchoraji wa nakala umempata?" redio iliuliza.

"Nimempata. Leteni gari."

Akatoka mbele, hakugeuka nyuma.