Kamera Zilizokatika Saa Tisa

Jirani yetu Triza wa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, si mtu wa kuogopa ovyo. Ni fundi wa kamera za ulinzi, kazi iliyompandisha kwenye dari zenye panya na nyuki. Siku moja mbwa wa mteja alimuuma mguu, akamaliza kwanza kukaza skrubu zake ndipo akaenda hospitali. Kwa hiyo Muhiba alipompigia simu Jumanne asubuhi kulalamika kwamba kamera za nyumbani kwake zinapotea kwenye mtandao, Triza alibeba ngazi na begi la vifaa akaenda mtaa wa Mbotela, akiamini kwamba ingekuwa kazi ya saa mbili.

Muhiba alikuwa mwanamke wa makamo, muuza madera na mitandio katika soko la Muthurwa. Baba yake, Mzee Abdurahim, alikuwa amepigwa na kiharusi mwaka uliotangulia. Upande wake wa kulia ulikufa, na ulimi ukafungika. Ndipo Muhiba akaweka kamera nne: langoni, koridoni, sebuleni na chumbani kwa mzee. Akiwa sokoni alifungua simu akamwona babake akilishwa na kugeuzwa, moyo ukatulia. Kamera ya chumbani ilikuwa na spika, basi aliweza hata kumsalimu, ingawa mzee hakuweza kujibu.

"Zinakatika kila alasiri, fundi," Muhiba alimwambia mlangoni, mkoba tayari begani. "Saa tisa na kitu. Baada ya dakika kumi hivi zinarudi."

"Zote pamoja, ama moja moja?"

"Moja moja. Ya langoni kwanza, halafu korido, halafu sebule. Ya mzee huwa ya mwisho."

Akaaga, akaenda zake sokoni.

Triza alianza na yale ambayo huwa ndiyo maradhi yenyewe. Alibadilisha adapta. Alisogeza rauta kutoka nyuma ya friji, maana friji ni ukuta kwa mawimbi. Alizipa kamera zote anwani zake za kudumu za mtandao zisigombane, akabadili chaneli isiingiliane na za majirani. Hakuna alichokiona kibaya. Kila kamera ilikuwa na mawimbi ya kutosha na taa yake ndogo ya kijani, imara, haipepesi.

Mzee Abdurahim alikuwa kitandani, uso umeelekea mlango. Triza alimwamkia. Jicho la kushoto la mzee lilimfuata ngazi ilipokwenda na iliporudi.

Adhuhuri mama aliyemtunza mzee alimletea chai jikoni. Alikuwa mgeni katika nyumba ile, ndiyo kwanza wiki mbili tangu atoke Kakamega. Jina lake Asenath, lakini wote pale walimwita Mama Patrobas, kwa jina la mwanawe wa kwanza.

"Leo mzee ameongea," alimnong'oneza Triza, macho yakimng'aa. "Nilikuwa namlisha uji. Ameniuliza jina langu."

"Ukamwambia?"

"Nimemwambia mimi ni Mama Patrobas. Akakataa kwa kichwa. Akasema, 'Lako.' Uji uliobaki motoni ukaanza kufurika jikoni, nikakimbia. Nangoja dada Muhiba arudi jioni nimpe hiyo habari njema."

Triza alifurahi pamoja naye. Kisha akakumbuka kitu ambacho angepaswa kukikumbuka mapema. Kila kamera ilikuwa na kadi ya kumbukumbu ndani yake. Mtandao ukikatika, simu haioni kitu, lakini kamera yenyewe huendelea kurekodi. Alitoa kadi ya kamera ya chumbani, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akatafuta siku moja ambayo zilikatika, Alhamisi iliyopita, saa tisa na dakika kumi.

Picha ilikuwa safi. Mzee kitandani. Mama Patrobas kwenye kigoda, kikombe mkononi. Ghafla kichwa cha Mama Patrobas kikaanguka kifuani, amelala, kikombe hakijamwagika. Mlango wa chumba ukafunguka polepole mpaka mwisho. Hakuingia mtu.

Mzee Abdurahim akainua kichwa kutoka kwenye mto. Akaongea. Sauti ilikuwa ya mtu mzima wa afya, haina kigugumizi.

"Si mimi," alisema. "Bado sijawa tayari. Mchukue Kimani. Kimani wa dukani."

Mlango ukajifunga.

Triza alisimamisha picha. Asubuhi ile ile alipokuwa akishusha ngazi, alikuwa amepita duka lililopakana na lango. Lilikuwa limefungwa, karatasi ya tangazo la mazishi imebandikwa mlangoni. Iliandikwa kwamba Kimani alianguka nyuma ya kaunta yake, Alhamisi, saa kumi kasoro.

Akafungua ya jana, Jumatatu. Kigoda kile kile. Usingizi ule ule. Mlango ukafunguka.

"Huyu anayenilisha," mzee alisema, akimtazama mama aliyelala. "Lakini jina lake silijui. Njoo kesho. Kesho nitakuwa nimelijua."

Triza akatazama saa. Ilikuwa imebaki robo kufika tisa.

Hakumweleza Asenath mambo mengi. Alimshika mkono jikoni, akamwambia kwa sauti ya chini achukue mkoba wake atoke, apande gari, asigeuke nyuma, na asimtajie mtu jina lake mpaka afike kwake. Kuna uso ambao mtu akiuona haulizi maswali. Asenath alivua aproni.

"Na mzee je?"

"Nitakaa naye mimi."

Angeweza kuondoka. Yeye mwenyewe husema hivyo mpaka leo, kwamba lango lilikuwa wazi na miguu alikuwa nayo. Lakini ndani mlikuwa na mtu asiyeweza hata kujigeuza, na Muhiba alimwachia nyumba kwa imani. Alimpigia Muhiba simu mara mbili. Haikupokewa. Sokoni saa hizo ni kelele tupu. Akaingia chumbani, akaketi kwenye kigoda, simu mkononi ikionyesha kamera zote nne.

Saa tisa na dakika tisa, ya langoni ikazima.

Nje jua lilikuwa kali. Watoto walikuwa wakicheza. Sauti zao zikafifia, kama dirisha limefungwa.

Korido ikazima.

Usingizi ukamjia Triza, mzito, mtamu. Akachukua bisibisi akaisukuma kwenye kiganja mpaka damu ikatoka. Macho yakabaki wazi.

Sebule ikazima.

"Jina lako nani, mwanangu?"

Mzee Abdurahim alikuwa amemgeukia. Uso wake haukuwa tena umepinda. Ulikuwa uso wa babu mpole.

Triza aliikaza bisibisi kiganjani.

"Ni jina tu. Nikuite vipi?"

Triza akabana midomo. Taa ya kijani ya kamera ukutani ikapepesa, ikawa nyekundu. Mlango ukafunguka, polepole, mpaka mwisho. Hewa iliyoingia ilikuwa na harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi.

Mzee akaanza kutetemeka. "Si mimi," alisema. "Si mimi. Ningoje kidogo. Huyu hataki kusema."

Mlango ulibaki wazi.

Kisha spika ya kamera ikakoroma.

"Baba," sauti ilisema. Ilikuwa sauti ya Muhiba, ile ile aliyomsalimia nayo kila siku. "Baba, ni mimi. Hunijui?"

Triza alitazama taa. Nyekundu. Kamera haikuwa kwenye mtandao. Hakuna simu duniani iliyoweza kutoa sauti pale. Alimrukia mzee amzibe mdomo, lakini mkono wake ulikuwa mzito kama wa mtu aliye majini.

"Muhiba," mzee alisema kwa upendo. "Muhiba binti yangu."

Mlango ukajifunga.

Mzee Abdurahim akaelewa. Triza aliliona lile jicho la kushoto likielewa. Mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima, ukapanda, ukaufunika mdomo wake mwenyewe, na sauti iliyotoka chini ya mkono ule Triza hajapata kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama. Kamera zikarudi moja moja: chumba, sebule, korido, lango. Watoto wakasikika tena.

Alipiga simu ya Muhiba mara kumi na saba. Ilipopokewa, aliyeongea alikuwa Kawsar, jirani yake wa kibanda pale sokoni, akilia. Muhiba alikuwa ameanguka juu ya mitandio yake. Walipomgeuza alikuwa amekwisha.

Daktari alisema ni moyo. Alizikwa kesho yake, na Triza alikaa nje na wanawake wengine. Aliyoyaona angemwambia nani? Mzee Abdurahim hakuongea tena, na mkono wake walishindwa kuuondoa mdomoni. Iliwabidi waushike watu wawili ndipo anywe maji. Alifariki kabla ya arubaini ya bintiye, mchana, mlango wa chumba ukiwa wazi.

Baadaye Musab, kaka yake Muhiba aliyetoka Mombasa kuja kufunga nyumba, alimwita Triza azing'oe kamera. Alizing'oa zote, akazikunja nyaya, akazitia katika sanduku. Kisha akaomba simu ya marehemu ili afute akaunti ya kamera. Musab alimfungulia, akasimama kando yake.

Kamera nne zilikuwa zimeandikwa pale, zote zimezimwa. Chini yake ilikuwepo ya tano. Haikuwa na jina. Ilikuwa na rekodi moja tu, ya Jumanne ile, saa tisa na dakika ishirini na mbili.

"Ifungue," Musab alisema.

Ilikuwa kibanda cha Muthurwa. Muhiba alionekana kwa nyuma, karibu sana, uzi wa mtandio wake unaonekana. Alikuwa akikunja dera. Akasita, kama mtu aliyeitwa na sauti anayoijua. Akageuka kuitazama kamera, uso ukamchangamka, akafungua mdomo kuitika. Hapo picha ikaisha.

Musab aliitazama mara tatu. Halafu akamuuliza Triza ni nani aliyemwekea dada yake kamera kibandani.

Triza alikuwa amekwenda kukiona kibanda kile siku ya pili baada ya mazishi. Hakikuwa na umeme. Na mahali Muhiba aliposimama, mgongo wake ulikuwa ukigusa ukuta wa mawe.