Evelina Hula Peke Yake

Machibya ni fundi wa kuchomelea mageti pale Igoma. Jioni akifunga karakana hupita sokoni, hununua samaki, sato au dagaa, kisha hurudi nyumbani kumpikia binti yake, Evelina. Evelina ana miaka tisa. Mama yake, Dorotea, alifariki mwaka jana.

Ugali ukiiva, Machibya hupakua sahani mbili. Moja huenda nayo sebuleni. Nyingine humwachia Evelina jikoni. Ndivyo alivyolelewa: wanaume hula upande wao, wanawake na wasichana hula jikoni. Enzi za Dorotea, vicheko vya jikoni vilifika hadi sebuleni. Siku hizi ni kimya.

Jumatano moja Evelina alisimama mlangoni.

"Baba, naomba nihamie kwa bibi, kule Sengerema."

Machibya aliacha kutafuna. "Kuna mtu amekuudhi?"

"Hapana."

"Unapungukiwa nini?"

"Sipungukiwi kitu, baba."

Kesho yake alimnunulia viatu vipya vya shule. Evelina akapiga goti, akashukuru, akavisukuma chini ya kitanda. Kisha akauliza, "Bibi anakuja lini kunichukua?"

Machibya akapiga simu Sengerema. Bibi alisema atavuka ziwa Jumapili, aje kumchukua.

Ijumaa, Teodora, mhudumu wa afya wa mtaa, alipita kuwajulia hali. Alimkuta Machibya anasonga ugali. Evelina alikuwa ameenda bombani.

"Baba Evelina, nasikia mtoto anaondoka."

"Ameomba mwenyewe. Sijui nimemkosea nini, mama. Nampa kila kitu. Jana tu nimemnunulia viatu vipya."

Teodora akatazama zile sahani mbili. "Mnakula wapi?"

"Mimi sebuleni. Yeye hapa."

"Na nani?"

Machibya akageuza ugali. "Peke yake. Kwetu msichana hali na baba yake."

"Na huko kwenu wanaume husonga ugali?"

Machibya akacheka kidogo. "Ningefanyaje? Mtoto angelala njaa."

"Umeona. Njaa ya tumbo uliiona, ukaingia jikoni. Hii nyingine hujaiona. Desturi yenu ilikuwa nzuri, kwa sababu msichana alikula na mama yake, wakaongea. Sasa Evelina anaongea na ukuta."

Machibya aliendelea kugeuza ugali ulioiva zamani. Hatimaye akasema, "Naogopa. Nikikaa naye ataniuliza habari za mama yake. Nitalia mbele ya mtoto."

"Ukilia, atajua halii peke yake. Naona hata jina la Dorotea hulitaji humu ndani. Mtoto atadhani umemsahau mama yake, na yeye utamsahau vilevile. Viatu ni vizuri, lakini haviwezi kumuuliza leo amecheza na nani. Muulize wewe. Akijibu, weka simu kando, umtazame. Amefanya vizuri, mwambie. Huhitaji kufunga karakana kwa ajili hiyo. Muda wa kumaliza ugali unatosha."

Jioni hiyo Machibya alitandika mkeka sebuleni, akaweka sinia moja.

"Njoo tule."

"Hapa?" Evelina aliuliza.

"Hapa."

Evelina alikaa ukingoni kabisa mwa mkeka, kama mgeni. Machibya akamuuliza habari za shule. "Nzuri," akajibu, basi. Machibya akaona kazi ya kuchomelea geti ni nyepesi kuliko hii.

Mwishowe akasema, "Mama yako angesema ugali huu una mabuja ya unga."

Evelina akainua macho. "Ni kweli una mabuja. Baba, wewe unamwaga unga wote mara moja. Mama alikuwa anatia kidogo kidogo."

"Alikufundisha?"

"Alikuwa ameanza."

Machozi yakamtoka Machibya. Hakuyaficha. Evelina akasogea, akasogea tena, mpaka goti lake likagusa la baba yake. Naye akalia. Kisha wakamalizia samaki.

Jumamosi walisonga ugali pamoja, Evelina akitoa amri na Machibya akitii. Mtoto alizungumza kuhusu rafiki yake Annet, kuhusu hesabu za kugawanya, na ndoto zake za mama. Machibya alisikiliza yote.

Jumapili bibi aliingia amebeba michembe ya viazi vitamu na karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nguo zako umeshapanga?"

"Sijapanga," Evelina akasema. "Nikiondoka, baba atakula na nani?"

Bibi akalala siku mbili, akarudi Sengerema peke yake.