Tumeelewa, Mwalimu

Kila asubuhi mambo yalikuwa yale yale. Mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni, akaeleza, kisha akauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima liliitikia, "Tumeelewa, Mwalimu." Hata waliokuwa wakisinzia waliitikia, tena kwa nguvu kuliko wote.

Siku moja somo lilikuwa vitenzi vinavyofanya kazi isiyo yao. Binti wa fundi cherehani, aliyeitwa Sindano kwa wembamba wake, hakuambulia kitu. Aliitikia hivyo hivyo.

Mwenzake wa dawati, Kasuku, hakuwapo darasani siku hiyo; alikuwa amefiwa na mama yake. Siku ya mazishi Sindano alimshika mkono akamwahidi, "Usiwaze masomo. Nitakufundisha yote ukirudi."

Kasuku alirudi siku moja kabla ya mtihani, macho yamevimba. Yeye aliyepewa jina hilo kwa maneno mengi, sasa alizungumza kwa shida.

"Mama alitaka sana nifaulu Kiingereza. Nieleze basi."

Sindano aliona haya kukiri, akaanza kubuni. Kasuku aliandika kila neno kwa uangalifu, bila kuuliza lolote. Kuaminiwa namna ile kulimshinda Sindano. Machozi yakamtoka.

"Futa, ndugu yangu. Nimekudanganya. Sikuelewa, niliitikia tu."

Kasuku aliweka kalamu chini. "Nilikutegemea wewe," alisema.

Walikwenda pamoja ofisini kwa mwalimu, Sindano akaeleza yote. Mwalimu hakugomba. Alimtazama Kasuku akamuuliza kwa upole, "Siku hizi unaendeleaje, mwanangu?"

"Kulia kumenichosha, Mwalimu."

"Pole sana. Sikia ulivyosema. Kulia ni kitenzi, lakini hapo umekitaja kama kitu kinachokuchosha. Kimekuwa nomino. Kwa Kiingereza, 'crying' hufanya hivyo hivyo. Na nikisema 'a crying child'?"

"Hapo inamweleza mtoto," Sindano alijibu polepole. "Ni kama kivumishi."

"Vizuri. Kuuliza si ujinga, wanangu. Ukiitikia usichokielewa, unajidanganya wewe kwanza, kisha unampoteza anayekutegemea. Nami nimekosea kuridhika na kelele zenu."

Matokeo yalipotoka, Kasuku alikuwa amefaulu vizuri. Aliikunja karatasi yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sasa nikamwoneshe nani?" aliuliza.

Safari hii Sindano hakujifanya ana jibu. Alimshika mkono, wakakaa pale pale dawatini mpaka wenzao wote wakaondoka.